Je, Wajua? Sukari Hupanda Hata Usipokula

Je, wajua kwamba mchezaji anaweza kukaa benchi mechi nzima, asiguse mpira, na bado akakutwa na sukari kwenye mkojo? Mwaka 1913, baada ya mechi ya mwisho na kali kuliko zote za msimu, wanasayansi wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Walter Cannon na mwenzake Fiske, walipima mkojo wa wachezaji 25 wa timu ya chuo hicho, timu ya ule mpira wa Kimarekani wa kukimbia na mpira mkononi. Wachezaji 12 walikutwa na sukari. Kati yao, 5 walikuwa wa akiba ambao hawakuitwa uwanjani hata kidogo. Mtazamaji mmoja aliyepandwa na jazba alipimwa pia. Naye alikuwa na sukari, na kesho yake haikuwepo tena.

Hao hawakuwa wagonjwa wa kisukari. Walikuwa vijana wenye afya njema ambao mioyo yao ilikuwa juu. Cannon alikuwa na sababu ya kuwapima. Miaka miwili nyuma, mwaka 1911, maabara yake ilikuwa imeonyesha kwamba paka aliyetishwa hutoa sukari kwenye mkojo. Paka mmoja alifungiwa kwenye kitundu huku mbwa mdogo mwenye kelele akimbwekea, na sukari ikaonekana. Paka walioondolewa tezi za adrenali walitishwa vilevile, lakini sukari haikutokea. Hata wanafunzi wa udaktari walipimwa: kati ya 9, baada ya mtihani mgumu 4 walikutwa na sukari, na baada ya mtihani mwepesi akakutwa mmoja tu.

Nimeanza na habari hizi za zaidi ya miaka mia moja kwa sababu katika kliniki zetu mazungumzo kuhusu sukari iliyopanda huishia karibu kila mara kwenye sahani. Ulikula nini jana? Ulikunywa chai ya sukari? Swali hilo ni la lazima, lakini haliko peke yake. Mgonjwa aliyekula mboga na dona kidogo, akameza dawa zake kwa wakati, kisha akakuta mashine inasoma 14 mmol/L asubuhi baada ya usiku wa kumwuguza mama yake, anastahili jibu lingine zaidi ya kuambiwa kwamba amedanganya.

Sukari hiyo hutoka wapi?

Hutoka kwenye ini. Ini ni ghala: baada ya mlo hujiwekea sukari ya ziada katika umbo la glaikojeni, na mwili ukihitaji nguvu kwa ghafla hulifungua. Mfaransa Claude Bernard ndiye aliyeigundua glaikojeni hiyo katika miaka ya 1850. Ila jaribio lake la mwaka 1849 ndilo linaloshangaza zaidi. Alimchoma sungura kwa sindano mahali maalumu sehemu ya chini ya ubongo, na sungura yule akaanza kutoa sukari kwenye mkojo. Kongosho lake halikuguswa, wala hakuongezewa chakula. Amri ilitoka kichwani.

Leo njia ambayo amri hiyo hupitia inajulikana vizuri. Mtu akishtuka, akiogopa au akikasirika, mishipa ya fahamu huziamsha tezi za adrenali, zile ndogo zilizokaa juu ya figo. Zinamwaga adrenalini, na ndani ya dakika chache ini linaanza kuachia sukari. Kotisoli hufuata kwa mwendo wa polepole na hukaa muda mrefu zaidi. Hiyo hulifanya ini litengeneze sukari mpya, hata kutokana na protini, na wakati huohuo huzifanya seli za misuli na za mafuta zisiitikie insulini inavyotakiwa. Kwa mtu anayelazimika kukimbia au kupigana, mpango huu humwokoa, maana misuli itaitumia sukari yote. Kwa mtu aliyekaa kitini akisoma ujumbe wa mwenye nyumba anayedai kodi, misuli haina kazi nayo. Sukari inabaki kwenye damu.

Asiye na kisukari hatagundua chochote. Kongosho lake litaongeza insulini na mambo yatatulia. Mwenye kisukari hana nafasi hiyo: ama insulini yake ni haba, ama mwili wake hauiitikii, au yote mawili kwa pamoja. Kwa hiyo hofu ileile, inayompita jirani yake bila kuacha alama, kwake huacha alama inayosomeka kwenye mashine.

Majanga makubwa nayo yameonyesha hivyo. Tarehe 17 Januari 1995 tetemeko la ardhi liliukumba mji wa Kobe, Japani. Madaktari waliokuwa wakiwafuatilia wagonjwa wa kisukari katika eneo hilo waliona vipimo vya wastani wa sukari vikipanda katika miezi iliyofuata. Bila shaka chakula na dawa vilivurugika pia, na hakuna anayeweza kutenganisha kabisa athari ya kukosa chakula kizuri na athari ya kupoteza nyumba na ndugu. Mtu haishi maisha yaliyotenganishwa hivyo.

Lazima niongeze kwamba miili haifanani. Mwenye kisukari cha aina ya 2, akiwa na msongo, mara nyingi sukari hupanda. Mwenye aina ya 1 huenda ikapanda, na huenda ikashuka, hasa kama wasiwasi umemfanya asile baada ya kujichoma insulini. Ndiyo maana mashine ya kupimia ina maneno ya kuaminika kuliko kanuni yoyote ya jumla.

Je, wajua kuhusu sukari ya alfajiri?

Wengi huamka, wanapima kabla ya kula chochote, wanakuta kipimo kiko juu kuliko walipolala, na wanajilaumu. Kati ya saa kumi usiku na saa mbili asubuhi mwili huongeza kotisoli na homoni nyingine ili kutuamsha, na ini huachia sukari. Ni jambo la kawaida la mwili. Si lazima kuwe na kosa ulilofanya kwenye chakula cha usiku, na daktari akielezwa anaweza kubadilisha kiasi au saa ya dawa.

Huzuni katika kitabu cha mwaka 1674

Thomas Willis, daktari wa Uingereza, anakumbukwa kwa kuonja mkojo wa wagonjwa na kuandika kwamba ulikuwa mtamu ajabu. Wachache wanakumbuka kwamba alihesabu huzuni ya muda mrefu miongoni mwa visababishi vya ugonjwa huo. Hakuwa na kipimo cha damu wala hakujua kongosho linafanya nini. Insulini ingekuja karibu miaka 250 baadaye, Toronto, mwaka 1921. Hakuwa sahihi kabisa, kwa maana huzuni peke yake haijulikani kumtia mtu kisukari. Lakini alimsikiliza mgonjwa akieleza maisha yake, na masikio yake yalimfikisha karibu na jambo ambalo maabara ilikuja kulithibitisha baadaye.

Basi, kutuliza akili kunaweza kushusha sukari?

Hapa ndipo meditesheni inapoingia, na hapa ndipo maneno yanahitaji kupimwa, kwa sababu mgonjwa wa kisukari hutangaziwa miujiza kila siku. Juisi hii, mizizi ile, semina ya siku tatu. Meditesheni haiponyi kisukari. Wanaosema inaponya wanamweka mtu hatarini, na nawasihi wasomaji wasiwape hata shilingi.

Kile inachoweza kufanya ni kidogo kuliko hicho, nacho ni cha kweli. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, wakiongozwa na Richard Surwit, walitoa matokeo ya utafiti wa watu 108 wenye kisukari cha aina ya 2. Wote walipata mafunzo ya kisukari kwa vikundi, vipindi 5. Nusu ya vikundi vikaongezewa mafunzo ya kukabili msongo: kulegeza misuli sehemu moja baada ya nyingine, kupumua kwa kina, kuitazama picha tulivu akilini. Baada ya mwaka mmoja, wale walioongezewa walikuwa wameshusha kipimo cha HbA1c, ambacho nitakieleza hivi punde, kwa takribani nusu asilimia.

Mwaka 2022 watafiti wa California walikusanya tafiti 28 za mazoezi ya mwili na akili kwa wenye kisukari cha aina ya 2, wengi wao wakiwa wanaendelea na dawa zao. Kwa wastani HbA1c ilishuka kwa asilimia 0.84 kuliko kwa wale waliopata matibabu ya kawaida tu. Yoga iliongoza kwa karibu asilimia 1. Mafunzo ya uzingativu ya wiki 8, yaani ya kuweka akili kwenye kinachotokea sasa, yalifikia karibu nusu asilimia. Ukumbuke kwamba yoga ni mazoezi ya viungo pia, na misuli inayofanya kazi hutumia sukari. Faida yake haitoki kwenye utulivu pekee.

Nusu asilimia ni kitu gani? Kwa asiyezoea kipimo hiki inasikika kama si kitu. HbA1c, kile wengi wanachokiita kipimo cha miezi mitatu, huangalia sukari iliyojishikiza kwenye chembe nyekundu za damu. Chembe hizo huishi siku 120 hivi, kwa hiyo zinabeba kumbukumbu ya wiki nyingi. Huwezi kuzidanganya kwa kujinyima ugali siku mbili kabla ya kliniki. Daktari wa Iran, Samuel Rahbar, ndiye aliyeona mwaka 1968, mjini Tehran, kwamba hemoglobini ya wenye kisukari ina tofauti. Kisha Uingereza ikafanya utafiti mkubwa ulioanza mwaka 1977 na kufuatilia wagonjwa zaidi ya 5,000. Uligundua kwamba kila HbA1c inapokuwa chini kwa asilimia 1, madhara ya mishipa midogo, yale ya macho na figo, yanapungua kwa asilimia 37, na vifo vitokanavyo na kisukari kwa asilimia 21. Sasa nusu asilimia ina uzito. Mtu aliyetoka 8.5 hadi 8.0 amefanya jambo la maana kwa macho yake.

Kuna tafiti ambazo hazikuona sukari ikishuka, nazo lazima zisemwe. Uholanzi, watu 139 wenye kisukari na huzuni waligawanywa: nusu wakapata mafunzo ya uzingativu, nusu wakasubiri. Matokeo yalitolewa mwaka 2013. Msongo, wasiwasi na dalili za sonona vilipungua. HbA1c haikubadilika. Huko Heidelberg, Ujerumani, wagonjwa 110 ambao figo zao zilikuwa zimeanza kuvujisha protini walifuatiliwa kwa mwaka mzima. Walioshiriki mafunzo walikuwa na sonona kidogo kuliko wenzao na walijiona wana afya bora, lakini protini kwenye mkojo haikupungua kwa kiwango cha kutegemewa.

Ukiziweka tafiti hizi pamoja, picha inayojitokeza ni hii: faida ya moyoni hupatikana karibu kila mahali, faida ya sukari hupatikana kwa baadhi. Kwangu mimi hiyo inatosha kuiheshimu meditesheni na inatosha kutoitia chumvi.

Je, wajua kwamba kuchoshwa na kisukari kuna kipimo chake?

Mwaka 1995 mwanasaikolojia William Polonsky na wenzake walichapisha dodoso la maswali 20. Halimwulizi mgonjwa alikula nini. Linamwuliza kama anaogopa siku za mbele, kama hujisikia mwenye hatia akikosea, kama anaona ugonjwa unamla nguvu zote kila siku, kama anahisi yuko peke yake nao. Hali hiyo si lazima iwe sonona. Mtu anaweza kucheka harusini, akafanya kazi yake vizuri, na bado akawa amechoka kabisa na kuhesabu, kupima, kujichoma, kukataa soda mbele ya wageni na kueleza upya kwa shangazi kwa nini amekataa.

Mtu aliyefika hapo huacha kupima. Anaficha daftari. Anaruka tarehe ya kliniki kwa sababu anajua atagombezwa mbele ya wenzake kwenye benchi. Nimewasikia wauguzi wenye nia njema wakimwambia mama mtu mzima, "Mama, wewe unataka kukatwa mguu?" Wanadhani woga utamsaidia. Kwa yote tuliyokwisha kusema kuhusu adrenalini, woga huo una njia ya moja kwa moja ya kufika kwenye ini lake, kisha una njia ya pili, ndefu zaidi, ya kumfanya asirudi tena.

Auckland, New Zealand, watafiti walijaribu kinyume cha hayo. Watu 63, wenye aina ya 1 na aina ya 2, waligawanywa, na nusu wakafundishwa kwa wiki 8 kujihurumia: kukaa kimya, kutambua uchungu ulipo, na kujisemesha kwa upole kama ambavyo mtu angemsemesha rafiki aliye kwenye shida ileile. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Sonona ilipungua, kuchoshwa na ugonjwa kulipungua, na miezi mitatu baada ya mafunzo HbA1c ya kikundi hicho ilikuwa imeshuka kwa karibu asilimia 1. Ni utafiti mdogo na unahitaji kurudiwa kwingine. Hata hivyo haigharimu chochote kuacha kumgombeza mgonjwa huku tukisubiri.

Wanaofanya meditesheni hufanya nini hasa?

Wengi hudhani meditesheni ni kuikomesha akili isiwaze. Hakuna anayeweza, na wanaojaribu hukata tamaa siku ya pili. Herbert Benson, daktari wa moyo wa Harvard, alieleza njia rahisi katika kitabu alichokitoa mwaka 1975. Kaa vizuri, fumba macho, legeza misuli kuanzia miguuni hadi usoni, pumua kwa pua, na kila unapotoa pumzi tamka neno moja kimoyomoyo. Mawazo yakija, usigombane nayo. Rudi kwenye neno. Dakika 10 hadi 20. Kazi yenyewe ndiyo huko kurudi, hata kama utarudi mara mia.

Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts kozi kwa wagonjwa wenye maumivu na maradhi ya muda mrefu, na kozi hiyo ndiyo iliyotumika, au kuigwa, katika tafiti nyingi za kisukari. Zoezi lake la mwanzo ni zabibu kavu moja. Mshiriki anaiangalia, anaigeuza vidoleni, anainusa, anaiweka ulimini bila kuitafuna, kisha anaitafuna polepole mno. Kwa mwenye kisukari zoezi hili lina maana ya pekee, maana wengi wetu humaliza sahani ya wali huku tukitazama taarifa ya habari, na hatukumbuki kijiko cha tatu kilikuwa na ladha gani. Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio kililinganisha kula kwa uzingativu na mafunzo ya kawaida ya lishe kwa wenye kisukari cha aina ya 2. Baada ya miezi mitatu vikundi vyote viwili vilikuwa vimepunguza uzito na kuboresha sukari, bila tofauti kubwa kati yao. Anayechoshwa na orodha za vyakula ana njia nyingine yenye kufaa. Anayependa orodha zake abaki nazo.

Rozari, tasbihi na pumzi 6

Mwaka 2001 watafiti wa Pavia, Italia, waliwaomba watu 23 wenye afya wasali Salamu Maria ya rozari kwa Kilatini, kisha wakariri mantra ya Kibudha, na wakawapima pumzi na mapigo ya moyo. Kwa sala zote mbili pumzi zilishuka zenyewe hadi karibu 6 kwa dakika, na mfumo unaosawazisha shinikizo la damu ukafanya kazi vizuri zaidi. Hakuna aliyewaambia wapumue polepole. Urefu wa maneno ndio uliowaongoza.

Hatuna haja ya kusema kwamba ibada ni dawa, wala kuishusha ibada iwe zoezi la kiafya. Anayeleta uradi baada ya sala anamkumbuka Mola wake, na anayesali rozari ana nia yake. Lakini bibi wa Pemba mwenye kisukari, ambaye kila baada ya alfajiri hukaa kwenye mkeka na tasbihi yake, au babu wa Moshi anayesali mafungu 5 ya rozari kabla ya kulala, hana ugeni wowote na kukaa mahali pamoja, kurudia maneno machache na kuirudisha akili ikitoroka. Mhudumu wa afya anayetaka kumfundisha utulivu angeanza kwa kumwuliza anasali vipi. Ni bora kuliko kumletea programu ya simu yenye sauti ya Kiingereza.

Saa ya uongo

Hili ni miongoni mwa majaribio ya ajabu kabisa kuhusu akili na sukari. Mwaka 2016 Ellen Langer wa Harvard na wenzake walichapisha jaribio la watu 46 wenye kisukari cha aina ya 2. Wote walicheza michezo ya kompyuta kwa dakika 90 na kutakiwa kubadilisha mchezo kila baada ya dakika 15, ili waitazame saa iliyo mbele yao. Saa hiyo ilikuwa imechezewa. Kwa wengine ilikwenda sawa, kwa wengine ilikwenda nusu ya mwendo, na kwa wengine mara mbili, kiasi kwamba waliona dakika 180 zimepita. Sukari yao ilishuka kwa kufuata zaidi muda waliodhani umepita kuliko muda halisi. Walioamini kwamba wamekaa saa tatu walishuka zaidi. Jaribio moja dogo halijengi kanuni, lakini linaonyesha kwamba kile mtu anachoamini kuhusu mwili wake hufika mbali kuliko tulivyofundishwa.

Usingizi nao

Vijana 11 wenye afya walilala saa 4 tu kwa usiku 6 mfululizo katika Chuo Kikuu cha Chicago, utafiti uliochapishwa mwaka 1999. Uwezo wa miili yao kushughulikia sukari ulizorota hadi kukaribia hali ya kisukari kinachoanza, na kotisoli yao ya jioni ilipanda. Anayetulia kabla ya kulala na akapata usingizi amepata faida hata kama hakuhisi chochote cha ajabu alipokuwa amefumba macho.

Kwa nini jambo hili linatugusa sisi

Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake walichapisha uchunguzi wa vijiji 6 vya Tanzania. Kati ya watu zaidi ya 6,000 wa miaka 15 na kuendelea, wenye kisukari hawakufika hata mmoja kwa kila 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari. Makundi ya umri hayalingani, na wa pili ulichanganya miji na vijiji, lakini mwelekeo hauna shaka. Barani Afrika, kwa makadirio ya Shirikisho la Kimataifa la Kisukari ya mwaka 2021, zaidi ya nusu ya watu wazima wenye ugonjwa huu hawajijui. Wengi watajulishwa siku moja katika chumba chenye foleni ndefu nje, kwa sentensi mbili, na watarudi nyumbani na karatasi ya dawa na hofu. Karatasi ina maelekezo. Hofu haina, na ningependa ipewe walau dakika tano za mazungumzo siku hiyohiyo.

Ukitaka kuanza

Usiache dawa wala usipunguze dozi kwa sababu umeanza kujisikia vizuri. Mweleze daktari wako, hasa kama unajichoma insulini au unameza vidonge vya jamii ya glibenclamide, maana sukari ikianza kushuka kwa sababu yoyote ile, dozi ya zamani inaweza kuishusha kupita kiasi. Pima kabla na baada kwa siku chache, andika kwenye daftari lilelile la kliniki, na upeleke.

Ushauri wa Benson ulikuwa kwamba mtu asikae kwenye zoezi ndani ya saa mbili baada ya kula. Kwa mwenye kisukari ushauri huo una mtego: usiahirishe mlo wala usiuruke ili kupata nafasi ya kutulia. Chakula na dawa vina saa zao. Zoezi litafutiwe pengo lake.

Kama miguu imeanza kufa ganzi, kiti ni bora kuliko kukunja miguu sakafuni, kwa kuwa mguu usiosikia hautakuambia kwamba umebanwa. Na kama ukifumba macho yanakujia matukio ya kutisha uliyowahi kupitia, fumbua macho, simama, tembea. Kutembea taratibu huku ukizihesabu hatua nako ni meditesheni, tena kunatumia sukari. Mwambie mhudumu wa afya kilichotokea.

La mwisho ni la haraka kuliko yote. Jasho la ghafla, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio na wasiwasi usio na sababu vinaweza kuwa hofu, na vinaweza kuwa sukari iliyoshuka. Kwa kuhisi tu, hata mgonjwa mzoefu hushindwa kutofautisha. Wakati huo si wa kupumua kwa kina. Pima kwanza. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, au kama huna mashine karibu, kunywa nusu glasi ya soda ya kawaida yenye sukari, au maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, ngoja dakika 15, pima tena, na urudie kama bado iko chini. Ikishapanda, kula kitu kidogo, ndizi au kipande cha mkate, na usiendeshe pikipiki wala gari mpaka kichwa kitulie kabisa. Ukiwa na mtu nyumbani, mwoneshe mapema sukari inakaa wapi.